Nikishalipia filamu, niachwe nichague programu ya kuitazamia

Fundi_Mwanga

Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini, Mwanga, kazi yangu ni kutengeneza simu na TV, mwaka wa kumi na mbili sasa. Leo sina swali la kiufundi. Nina jambo limenikaa rohoni na nataka tulijadili kwa urefu, kwa hiyo mnivumilie.

Wiki iliyopita mwalimu mmoja mstaafu alinipigia nikamwangalie TV yake nyumbani, Katubuka. "Fundi, TV imeharibika." Nikaenda na bisibisi zangu na mita. Nikaiwasha: picha safi, sauti safi, intaneti inaingia kutoka kwenye simu yake. Nikafungua ile huduma ya filamu ambayo binti yake aliyeko Dar anamlipia kila mwezi. Kioo kikawa cheusi, katikati mstari mmoja wa maandishi meupe: kifaa hiki hakitumiki tena na huduma yetu. Chini yake kitufe cha "sawa". Nikabonyeza sawa, ikanirudisha mwanzo. Nikabonyeza tena, vilevile. Mwalimu amekaa kwenye kiti chake, rimoti iko mapajani, ananiangalia kama mgonjwa anayemwangalia daktari aliyeshika karatasi ya majibu.

Nikamwambia, "Mwalimu, TV yako nzima kabisa. Ni programu ndiyo imekataa."

Akaniuliza, "Sasa fundi, TV nzima, pesa tumelipa. Nani hasa amekataa?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale. Nilikataa hata nauli ya bodaboda, nikaondoka. Tangu siku hiyo ninalifikiria hilo swali.

Hoja yangu ni hii. Filamu ni kitu kimoja, programu ya kuitazamia ni kitu kingine, na vitu hivi viwili vimefungwa kamba moja bila sababu inayomsaidia mteja. Huduma iuze filamu. Iwe na programu yake, iipambe itakavyo. Lakini iache mlango ambao mtengenezaji mwingine, awe kampuni au kijana wa chuo, anaweza kuupitia akatengeneza programu yake, nami nikaingia humo kwa akaunti ileile niliyoilipia. Kampuni kuchoka kuhudumia TV ya 2013 simlaumu mtu, kutunza programu ni gharama. Ninachokilalamikia ni kwamba ikishaiacha, inabaki na ufunguo, na mwingine aliye tayari kuihudumia hiyo TV hawezi.

Tazameni redio. Redio ndogo ya betri unayoinunua soko la Mwanga inakamata TBC, inakamata Bujumbura, jioni inakamata stesheni za Congo ng'ambo ya ziwa. Hakuna stesheni iliyowahi kuniambia nisikilize kwa redio yake tu. Barua pepe ni hivyohivyo, unaisoma kwa programu yoyote uipendayo. Podikasti nazo hivyohivyo. Filamu za mtandaoni ndizo zimekuja na utaratibu wa kila duka kukuvalisha miwani yake mlangoni.

Tulishayapitia haya na ving'amuzi. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam 31 Desemba 2012, mikoa ikafuata zamu kwa zamu. Mnakumbuka nyumba zilivyokuwa na ving'amuzi viwili vitatu juu ya kabati moja, kila kimoja na rimoti yake na waya wake? Nimeuza sana rimoti miaka ile. Ulaya walishalifikiria mapema: agizo lao la 2002 lilitaka kila TV ya dijitali yenye kioo kinachozidi sentimita 30 iwe na tundu la wazi la kuchomekea moduli ya kadi ya malipo. Kampuni inakupa kadi, TV unachagua wewe.

Na sasa niseme linaloniuma kuliko yote. Hapa Mwanga kuna vijana wanaweka filamu kwenye flashi. Unampa flashi ya GB 16, dakika ishirini unarudishiwa imejaa. Anayenunua pale anaifungua kwa VLC, programu ya bure ya kuchezesha video, kwenye TV yoyote, simu yoyote, kompyuta ya mwaka wowote. Anakuza maandishi, anapunguza kasi, anahamisha kutoka simu kwenda TV, hakuna anayemuuliza. Mwalimu, ambaye nyumba yake imelipa kila mwezi bila kukosa, ndiye anayeonyeshwa kioo cheusi. Mtu akiniambia kufuli limewekwa kuzuia wizi, nitamchukua kwa mkono nimpeleke sokoni ajionee nani amezuiwa.

Nawasikiliza, wakuu.

Abiria_wa_Reli

Fundi, umenigusa. Mimi ni mfanyabiashara, kila mwezi napanda treni ya kawaida kwenda Dar. Wanaojua wanajua, ni karibu siku mbili. Mwezi wa tatu nilikaa usiku kucha na bando la usiku nikashusha vipindi kumi na vinne kwenye simu, kwa programu yenyewe halali, kwa akaunti yangu. Nikajua safari nimeimaliza.

Tulipofika Nguruka nikafungua. Cha kwanza kikacheza. Nikasinzia, nikaamka Kaliua, nikafungua cha pili, programu inataka iunganishwe kwanza na mtandao ihakikishe. Pale mtandao hata wa kupiga simu ulikuwa unakuja na kuondoka. Nilisimama mlangoni mwa behewa nimenyoosha mkono nje na simu kama mtu anayevua samaki. Tabora nikapata mtandao, vipindi vitano vikawa vimefutwa kwa kuisha muda wake, nishushe upya, kwa bando la mchana.

Jirani yangu wa kiti, mama mmoja anapeleka mawese, alikuwa na simu ndogo na kadi ya kumbukumbu. Alitazama hadi Morogoro. Nilimwonea wivu, nasema kweli.

Nahodha_Kibirizi

Fundi, heshima yako, lakini mimi nitapingana nawe. Mwenye duka ndiye anayepanga duka lake. Mimi nina boti, abiria hawezi kuniambia leo tunapanda yako lakini nahodha tumekuja naye. Hukulazimishwa kujiunga na huduma yoyote. Hujaipenda programu, acha kulipa, nenda kwingine. Soko litajirekebisha lenyewe.

Fundi_Mwanga

Nahodha, nakuheshimu, na mfano wa boti ni mzuri, ila nadhani nahodha kwenye mfano huo ni yule anayeileta filamu kutoka kwenye mitambo yake. Huyo simgusi. Mimi nazungumzia kiti na mwavuli. Umewahi kumkataza abiria asije na mwavuli wake?

Na hilo la "nenda kwingine". Filamu si dagaa, kwamba nikikosa kwa huyu nitapata zilezile kwa yule. Kipindi fulani kiko kwenye huduma moja tu duniani. Nikiondoka, nimekiacha.

Halafu kumbukeni pesa za simu. Zamani ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, anapata ujumbe wenye namba za siri, aende nazo kwa wakala wa mtandao wako. Kila kampuni ilisema ndivyo biashara ilivyo. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaanza kufunguliana, 2016 Vodacom nao wakaingia. Kuna kampuni iliyokufa kwa sababu ya kufunguliana? Mawakala waliongezeka. Tarehe 1 Machi 2017 tukaruhusiwa hata kuhama mtandao na namba ileile, na mitandao ikaendelea kuwepo. Soko halikujirekebisha lenyewe hapo, Nahodha, kuna watu walikaa mezani, na msimamizi akiwa karibu.

Mhandisi_Gungu

Nimesoma hoja zote. Mimi ni mtu wa mifumo, niongeze upande wa ndani, na nimrekebishe kidogo atakayekuja kusema jambo hili haliwezekani.

Video yenyewe inasafirishwa kwa njia ambazo si siri. Kuna HLS, iliyotolewa na Apple 2009, na kuna DASH, iliyopitishwa kuwa kanuni ya kimataifa 2012. Zote zinafanya jambo moja: filamu inakatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande kina matoleo kadhaa, jepesi mpaka zito, na programu yako inaomba kipande kinachoendana na kasi ya mtandao wako. Kijana yeyote aliyemaliza mwaka wa pili wa kompyuta anaweza kuandika kichezeshi cha vipande hivyo kwa kutumia maktaba za bure zilizopo. Tatizo haliko hapo.

Tatizo ni kufuli. Vipande vimesimbwa, yaani vimefichwa kwa msimbo, na ufunguo unatolewa na seva ya leseni, yaani kompyuta ya kutoa vibali, kwa kifaa kinachoaminiwa tu. Kwenye Android kufuli hilo linaitwa Widevine, mali ya Google tangu 2010. Apple wana FairPlay, Microsoft wana PlayReady. Widevine ina ngazi. L1 maana yake usimbaji unafunguliwa ndani ya sehemu iliyolindwa ya prosesa. L3 maana yake unafunguliwa na programu tu. Netflix, kwa mfano, kwenye simu ya L3 haikupi picha ya HD hata kama kioo chako ni kizuri kuliko cha jirani.

Fundi bila shaka umeshaletewa simu za namna hiyo.

Na kisheria: Marekani, sheria yao ya 1998 iitwayo DMCA inafanya kuvunja kufuli kuwa kosa lenyewe, hata kama ulichofungua umekilipia. Kwa hiyo mtengenezaji wa nje hawezi kuanza mpaka aruhusiwe. Ndiyo maana naafiki na Fundi kwamba ruhusa lazima itoke kwa watoa huduma. Hakuna ujanja wa kiufundi ulio halali.

Fundi_Mwanga

Mhandisi, naletewa kila wiki! Mtu kanunua simu mpya, kioo kinang'aa, anakuja kulalamika picha ya filamu ina ukungu. Namwambia simu haina ubovu. Haniamini, anadhani namficha kitu ili baadaye nimtoze. Na wapo waliobadilishiwa mfumo wa simu na mafundi wengine. Akibadilisha tu, L1 inashuka L3, na picha inashuka nayo. Mteja huyo analipa kifurushi kilekile.

Na nimkumbushe kila mtu kuhusu yule kijana wa Norway, Jon Lech Johansen. Mwaka 1999, akiwa na miaka 15, alishiriki kutengeneza programu ya kufungua DVD, kwa sababu kompyuta zinazotumia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, hazikuwa na kichezeshi kilichoruhusiwa. DVD zilikuwa zake. Alishtakiwa kwao, mahakama ya Oslo ikamwachia Januari 2003, rufaa ikaamuliwa Desemba mwaka huohuo, akaachiwa tena. Nilipokisoma kisa hicho nilikuwa najifunza ufundi, na hakijanitoka kichwani. Miaka zaidi ya ishirini, na bado mwalimu wangu wa Katubuka yuko palepale alipokuwa yule mtoto.

Nasikia pia Netflix wenyewe waliwahi kuwa na mlango wa watengenezaji wa nje wakaufunga. Ni kweli?

Mhandisi_Gungu

Ni kweli, ila tuseme kwa usahihi. Waliufungua 2008. Watu wa nje wakatengeneza tovuti na programu za kutafutia filamu, kupanga foleni ya filamu za kutazama, kuona kipi kinaondoka karibuni. Machi 2013 wakaacha kutoa funguo mpya kwa watengenezaji, Novemba 2014 wakaufunga kabisa. Mlango ule ulitoa katalogi na foleni za wateja, kuchezesha video kwenyewe kulibaki mikononi mwao. Kwa hiyo anachokiomba Fundi ni kikubwa kuliko kilichokuwepo. Lakini hata kile kidogo kilionyesha kwamba watu wa nje wanaona mahitaji ambayo mwenye huduma hayaoni.

Kwa mawazo yangu sababu kubwa ya kufunga ni ukurasa wa mwanzo. Anayemiliki ukurasa wa mwanzo anaamua uone nini kwanza. Programu ya nje ingekuwekea filamu za huduma zote tatu unazolipia kwenye orodha moja, kwa alfabeti ukitaka, na ile nguvu ya kukusukumia kipya chao ingepungua.

Dada_Bangwe

Shikamooni wakubwa, wengine habari. Mimi naogopa kitu kimoja. Shemeji yangu aliletewa programu kwenye kundi la WhatsApp, wanasema ina filamu zote bure. Akaiweka. Baada ya siku mbili akaunti yake ya Facebook inaomba watu pesa. Sasa mkisema kila mtu atengeneze programu, si ndiyo mtatufungulia milango ya matapeli? Mimi naona afadhali moja rasmi, hata kama inakera.

Fundi_Mwanga

Dada yangu, pole kwa shemeji, na hofu yako ni ya haki. Simu za namna hiyo nimezisafisha nyingi.

Lakini angalia kilichomfikisha pale. Alitaka kitu ambacho programu rasmi haimpi, na nje ya hiyo rasmi hakuna njia halali hata moja, ikabaki ya gizani tu. Ninachokiomba ni njia ya mchana. Mtengenezaji anajisajili, anapewa ufunguo wake, akifanya uovu ufunguo unafutwa siku hiyohiyo. Na wewe humpi nywila yako kamwe. Umeshawahi kuingia kwenye tovuti ukabonyeza "ingia kwa Google"? Unapelekwa kwa Google, unathibitisha huko, tovuti inapewa kibali tu, kibali unachoweza kukifuta wakati wowote. Utaratibu huo upo miaka mingi na unatumiwa na mabenki.

Mama_Ujiji

Naomba nami niseme, ingawa siyajui haya mambo ya L moja na L tatu.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea, masikio yamepungua sana nguvu. Anasoma maandishi ya chini. Kwenye ile programu tunayolipia kwa TV, maandishi ni meupe, madogo, na yakija kwenye eneo lenye mwanga, kama mchanga au anga, hayaonekani. Nimezunguka kwenye mipangilio yote na mwanangu, saizi haibadiliki kwenye TV yetu, wanasema kwenye TV nyingine inabadilika. Usiku anakaa kwenye kigoda, karibu na kioo kiasi kwamba nikimwangalia naona uso wake umegeuka rangi ya buluu. Filamu ikifika mahali anaponiuliza "kasema nini?", mimi namwandikia kwenye daftari. Tuna daftari la filamu, kurasa zimekaribia kwisha.

Mwanangu akaja na filamu moja ya flashi akaifungua kwa hiyo VLC. Akafanya maandishi ya njano, makubwa, yenye kivuli cheusi nyuma. Mume wangu alirudisha kigoda mahali pake, akakaa kwenye kochi na mimi. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu.

Sitaki kuiba filamu ya mtu. Nataka ile ninayoilipia iwe na maandishi ya njano.

Nahodha_Kibirizi

Mama, hilo sikulifikiria. Nalirudisha kiasi nililosema. Bado naamini kampuni ina haki ya kupanga, lakini mtu mwenye shida ya masikio asisubiri mpaka kampuni ikumbuke.

Kamera_Moja

Naomba mniruhusu kusema kama mtengenezaji wa filamu. Natengeneza filamu fupi na tamthilia hapahapa, nimeshapiga picha Ujiji, Kibirizi na kule Mwandiga. Kazi yangu moja iko kwenye jukwaa la mtandaoni, nalipwa kulingana na dakika zinazotazamwa. Fundi, nakuelewa kama mteja. Lakini programu za nje zikija, nani atahesabu dakika zangu? Na kama mtu atatengeneza programu yenye kitufe cha "hifadhi kwenye flashi", si nimekwisha? Sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inanilinda kwenye karatasi. Kwenye soko la Mwanga hainilindi. Nimeona kazi yangu pale, na kava wameibadilisha.

Fundi_Mwanga

Kamera, wewe ndiye niliyetaka kusikia kutoka kwako, na sitaki hata siku moja hoja yangu ikule wewe.

Dakika zinahesabiwa kule video inakotoka. Kila kipande kinaombwa kwenye seva ya jukwaa, na ufunguo wa leseni unatolewa na jukwaa. Mimi nikitazama kwa programu rasmi au kwa programu ya kijana wa Gungu, seva inaona akaunti ileile, filamu ileile, dakika zilezile. Mhandisi anirekebishe kama nimekosea.

Kuhusu kitufe cha flashi: kubali nikwambie jambo gumu. Kazi yako imefika sokoni tayari, na kufuli lilikuwepo. Muuza flashi anahitaji mtu mmoja tu mahali popote duniani alivunje mara moja, halafu nakala zinasambaa. Kwa hiyo kufuli halikukulinda, ila limemfukuza mume wa Mama Ujiji kwenye kochi. Mtu kama yule akipata maandishi ya njano kwenye huduma halali, dakika zake zinakuja kwako. Akikosa, anakwenda kwenye flashi, na pale hupati hata shilingi.

Mhandisi_Gungu

Hujakosea kwenye hesabu. Niongeze tu kwamba jukwaa linaweza kuruhusu programu za nje na bado likabaki na kufuli, kwa kuthibitisha watengenezaji wanaotimiza masharti. Mimi binafsi nisingependa kufuli kabisa, lakini Kamera hana sababu ya kuambiwa achague kati ya yote au hakuna. Hatua ya kwanza inaweza kuwa ndogo: programu zilizothibitishwa, kuhifadhi nje hakuna, maandishi, kasi, ratiba ya kushusha na orodha huru.

Hiyo ratiba ya kushusha niisemee kidogo, maana ndiyo ningeitengeneza mimi. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya chini kabisa inakula takriban GB 0.3 kwa saa, ya kati 0.7, HD mpaka GB 3. Kwa mtu wa Kigoma mwenye bando la usiku, tofauti hiyo ndiyo chakula cha kesho. Ningeandika programu ndogo, isiyozidi MB chache, unaiambia leo usiku saa saba nishushie vipindi vitatu kwa picha ya kati, umeme ukikatika au mtandao ukipotea, vikirudi iendelee pale ilipoishia. Isicheze matangazo ya filamu yenyewe bila kuulizwa. Nusu yake naweza kuandika mwezi mmoja. Nusu ya pili ni ruhusa.

Kamera_Moja

Kama dakika zinahesabiwa na kuhifadhi nje hakuna, mimi sina kipingamizi. Na niseme hili pia: tamthilia yangu ina Kiha ndani yake. Jukwaa lilinipa nafasi ya maandishi ya lugha moja tu. Kama kungekuwa na programu ya nje inayoniruhusu mimi mwenye kazi kuweka maandishi ya pili na ya tatu, bibi zangu wa Kasulu wangeisoma Kiswahili, na mtu wa Bujumbura akaisoma kwa Kirundi. Mimi ndiye mwenye haki ya tafsiri, nimeshaitoa, haina pa kuwekwa.

Dada_Bangwe

Fundi, sasa mwalimu wa Katubuka uliishia kumfanyia nini?

Fundi_Mwanga

Nilirudi juzi, Dada. Mjukuu wake yuko likizo, ana kompyuta yenye tundu la HDMI. Tukaiunganisha na TV, huduma ikafunguka kwenye kompyuta, picha ikaenda kwenye kioo kikubwa. TV ileile iliyokataliwa. Mwalimu akatazama filamu moja mpaka mwisho, sikumwona akipepesa. Nilifurahi, sitaficha.

Tatizo ni kwamba mjukuu anapanda treni Jumatatu kurudi chuo, na kompyuta inaondoka naye. Kutazama kwenye simu macho ya mwalimu hayataki. Nimemwonyesha vile visanduku vidogo vya kuchomeka, akaniuliza bei, nikamtajia. Akanyamaza, halafu akasema, "Fundi, yaani ninunue kifaa kingine ili kifaa changu kizima kifanye kazi yake?" Sikumuuzia.

Akaenda ndani akarudi na karatasi ya mistari. Alikuwa ameandika barua kwa mkono kwa ile huduma, Kiswahili ukurasa mmoja, Kiingereza ukurasa mmoja, mwandiko wa ubaoni. Anaomba mambo mawili: waruhusu programu ya mtengenezaji mwingine ifunguke kwenye TV walizoziacha, na watangaze kabla ya kuuza kifurushi ni vifaa gani watavihudumia na mpaka lini. Nakala anataka iende Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano la TCRA. Ameniomba nimpigie chapa na kuambatanisha orodha ya vifaa vingine vya watu wa Kigoma vilivyokataliwa vikiwa vizima.

Kwa hiyo naomba hapa: mwenye TV au simu nzima iliyokataliwa aandike aina na mwaka alionunua. Majina ya watu yasiandikwe, aina na mwaka vinatosha. Ya mwalimu ni inchi 40, 2013. Hiyo namba moja.

Mama_Ujiji

Yetu haijakataliwa, ila maandishi hayakui. Inchi 32, 2016. Kama inafaa iingie.

Fundi_Mwanga

Inafaa, mama. Namba mbili, nitaiandikia sababu yake pembeni.

Abiria_wa_Reli

Simu yangu ya 2018, programu haisasishwi tena tangu mwaka jana. Namba tatu. Na kama barua ina nafasi, mwalimu aongeze kwamba kilichoshushwa kwa akaunti iliyolipiwa kisifutwe katikati ya Kaliua na Tabora.

Nahodha_Kibirizi

TV ya kwenye chumba cha kusubiria abiria, inchi 43, 2014. Iko nzima, ina kioo cheusi kile kile. Nilidhani ni ubovu, nikaifunika kitambaa. Niweke namba nne, na Jumamosi nakuja dukani kusaini.